Jumba la Jaji David Davis, Bloomington: nilimfuata jaji, nikakutana na mkewe

Wengi wanaokwenda kulitazama Jumba la David Davis mjini Bloomington, katika jimbo la Illinois, huvutwa na jina la Abraham Lincoln, rafiki wa jaji huyo; wanaokwenda kwa ajili ya jaji mwenyewe ni wachache. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wachache. Nilikuwa nikimfuata yule wakili wa mji mdogo aliyeingia bunge la jimbo, akawa jaji wa mzunguko, yaani wa kuhama na mahakama kaunti hadi kaunti, akapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kisha akakiacha kiti hicho cha maisha akaenda kuwa seneta. Ndani ya jumba lake, hata hivyo, anayetawala ni mkewe, Sarah. Sihesabu jambo hilo kuwa kasoro, ila ni vyema msafiri alijue mapema, kwa sababu ndilo litakaloamua ataondoka na nini.

Jumba lilijengwa kati ya 1870 na 1872 kwa matofali ya rangi ya manjano iliyopauka, lina ghorofa tatu, mnara upande wa mbele na vyumba 36. Wenyewe waliliita Clover Lawn. Aliyelisanifu ni Alfred Piquenard, mzaliwa wa Ufaransa, ambaye mkono wake umo pia katika jengo la bunge la Illinois kule Springfield. Wazao wa jaji walilikabidhi kwa serikali ya jimbo, ambayo ndiyo inayoliendesha hadi leo, na tangu 1975 limehesabiwa miongoni mwa Alama za Kihistoria za Kitaifa. Mgeni hazururi peke yake vyumbani. Huingia pamoja na mwongozaji, na huombwa mchango badala ya kutozwa kiingilio cha lazima. Utaratibu huu wa kuongozwa unalifaa jumba la aina hii, maana vitu vingi humo havijieleziki vyenyewe, na asiye na wa kumwonyesha angepita mbele ya kitu cha maana akidhani ni pambo tu.

Kinachofanywa vizuri zaidi hapa ni kumwonyesha mgeni jinsi nyumba ya tajiri ilivyofanya kazi katika miaka ya 1870. Nyakati hizo familia nyingi za Illinois bado zilichota maji kisimani na kwenda haja uani. Akina Davis walikuwa na mabomba ya maji ya moto na ya baridi, choo ndani ya nyumba, taa za gesi, na tanuru la makaa ya mawe lililosambaza joto vyumbani. Mapazia ya lesi, meko ya marumaru na mbao zilizochongwa kwa mkono vinapendeza, lakini kilichonifanya nisimame zaidi ni hesabu ya kazi iliyojificha nyuma ya starehe hizo. Makaa hayakuingia tanuruni yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuyabeba alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka, na mtu huyo huyo au mwenzake azoe majivu, apande ngazi na ndoo, apanguse masizi, kisha aonekane safi mezani wakati wa kuandaa chakula. Anayepita sebuleni bila kufika jikoni ameona nusu ya nyumba, na kwa maoni yangu ile nusu isiyo na mafunzo mengi.

Sarah Walker alikuwa binti wa jaji wa mirathi huko Lenox, Massachusetts, mji ambao Davis alikwenda kujifunza sheria katika ofisi ya wakili baada ya kumaliza Chuo cha Kenyon kule Ohio mwaka 1832. Walioana mwaka 1838. Kati ya watoto saba waliozaliwa, wawili tu walifikia utu uzima, na mgeni anayeijua habari hiyo hutembea katika vyumba vikubwa vya ghorofani kwa hisia nyingine kabisa. Mume alikuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka, kwanza katika mzunguko wa mahakama, baadaye Washington. Mke ndiye aliyebaki na kiwanja, mifugo, watumishi na bustani. Bustani yake ingalipo nyuma ya jumba, ikiwa imefufuliwa kwa mpangilio wa zamani, na ziara ikianguka katika miezi ya maua mtu asikubali kuondoka bila kuizunguka.

Utengano huo wa mume na mke ulizaa barua nyingi, na barua hizo zimewafaa sana wanahistoria. Davis alimwandikia Sarah kutoka karibu kila mji aliolala, akalalamikia matope, vitanda na vyakula vya nyumba za wageni, na bila kukusudia akatuachia picha ya mahakama ya mipakani ambayo kumbukumbu za mahakama zenyewe haziwezi kuitoa.

Hapo sasa ndipo jaji anapoanza kuonekana. Davis alizaliwa 1815 katika Kaunti ya Cecil, Maryland, baada ya baba yake kufariki. Alifika Illinois mwaka 1835, na mwaka uliofuata akahamia Bloomington na kuichukua ofisi ya uwakili ya Jesse Fell, ambaye alikuwa amezama katika biashara ya ardhi. Katikati ya miaka ya 1840 alikuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1847 akawa mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya Illinois, ambako alitetea majaji wachaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa na wanasiasa. Katiba ikapita, na mwaka 1848 mmoja wa majaji wa kwanza kuchaguliwa kwa utaratibu huo alikuwa yeye mwenyewe. Sisemi alijitengenezea kiti. Nasema tu kwamba alijua mlango unafungukia wapi.

Mzunguko wake, uliojulikana kama Mzunguko wa Nane, wakati huo ulikuwa na kaunti 14. Kila majira ya kuchipua na kila vuli, jaji na kundi la mawakili waliondoka pamoja, wakafungua mahakama katika makao ya kaunti moja kwa siku chache, kisha wakahamia nyingine. Davis alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130, kwa hiyo alisafiri kwa gari dogo la farasi wawili, na wakati mawakili walilala wawili wawili kitanda kimoja, yeye kwa kawaida alilala peke yake kwa sababu iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Lincoln alikuwa mmoja wa wachache walioufuata mzunguko huo mwanzo hadi mwisho, na jaji alipopata udhuru mara nyingine alimkalisha Lincoln kitini amalizie mashauri. Leo jambo hilo lingezua rufaa. Wakati ule mawakili wa pande zote mbili walikubali na kazi ikaendelea.

Ward Hill Lamon, wakili aliyeshirikiana na Lincoln, anasimulia kisa kinachomweleza Davis kuliko wasifu mrefu. Lamon alikuwa amepatana malipo ya dola 250 kulinda mali ya msichana asiye na akili timamu, na kwa kuwa shauri liliisha kwa dakika chache tu, Lincoln aliona haya kuchukua fedha zote hizo, akamlazimisha mwenzake kurudisha nusu. Davis aliposikia alimwita Lincoln mbele ya kiti na kumlaumu kwamba anawafanya mawakili wote wawe maskini kwa ada zake za kitoto. Usiku huo, nyumbani walikolala, wenzake walimshtaki Lincoln katika mahakama ya mzaha na kumtoza faini. Katika kisa hicho utamwona Davis mzima mzima: mwenye kupenda ucheshi, mwenye sauti, na asiyeona aibu hata kidogo kuiheshimu fedha.

Kisa cha pili kina uzito zaidi, na kilitokea papo hapo Bloomington. Lincoln alikuwa ameitetea kampuni ya reli ya Illinois Central katika shauri la kodi dhidi ya Kaunti ya McLean, akashinda, kisha kampuni ikasita kumlipa ada aliyoidai. Aliishtaki kampuni hiyo akidai dola 5,000, na shauri liliposikilizwa Juni 1857 aliyeketi kitini alikuwa rafiki yake Davis. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Lincoln ushindi, na hatimaye kiasi kikawekwa dola 4,800 kwa kuwa alikuwa ameshapokea 200. Uamuzi ulikuwa wa baraza, na sidhani kwamba ulikuwa wa dhuluma, kwani kazi ile iliiokolea kampuni fedha nyingi mno. Hata hivyo, jaji, mdai, na siasa za mji ule vilikuwa vimefungamana kiasi kwamba msomaji wa leo hawezi kuisoma habari hiyo bila kukunja uso kidogo.

Miaka mitatu baadaye Davis, akiwa bado jaji, alikwenda Chicago kuongoza juhudi za kumpatia Lincoln uteuzi wa chama cha Republican wa kugombea urais. Aliweka kambi katika hoteli ya Tremont House akawa anakutana na wajumbe wa jimbo moja baada ya jingine. Lincoln alibaki Springfield na kutuma ujumbe kwamba lisifanywe patano lolote litakalomfunga. Davis hakuruhusu ujumbe huo umharibie kazi. Mshindani wa Lincoln, William Seward, aliongoza katika duru ya kwanza. Katika duru ya tatu, tarehe 18 Mei 1860, Lincoln akateuliwa, na baadaye Simon Cameron wa Pennsylvania na Caleb Smith wa Indiana wakajikuta wamo katika baraza la mawaziri. Mwaka 1862 Lincoln alimteua Davis kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Baada ya historia ya namna hiyo mtu angetarajia jaji wa kuitikia tu. Badala yake Davis ndiye aliyeandika hukumu ya Milligan, na kwa ajili ya hukumu hiyo peke yake ningefunga safari ya kwenda Bloomington. Lambdin Milligan, wakili wa Indiana aliyepinga vita vya serikali dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alikamatwa mwaka 1864, akashtakiwa mbele ya tume ya kijeshi mjini Indianapolis na kuhukumiwa kunyongwa, ingawa mahakama za kiraia za Indiana zilikuwa wazi na zikifanya kazi kama kawaida. Mwaka 1866 Mahakama ya Juu ilimwachilia. Davis aliandika kwamba Katiba ni sheria kwa watawala na kwa wananchi, sawasawa wakati wa vita na wakati wa amani, na kwamba raia hawezi kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kawaida zimefunguliwa. Serikali iliyokosolewa ilikuwa ile ya rafiki yake aliyemteua.

Naiheshimu hukumu hiyo, lakini sina budi kusema kwamba ujasiri wake hutiwa chumvi. Iliposomwa, vita vilikuwa vimekwisha na Lincoln alikuwa kaburini. Tena majaji tisa walikubaliana kuhusu kumwachilia Milligan, lakini wanne kati yao, wakiongozwa na Jaji Mkuu Salmon Chase, walikataa hoja ya Davis kwamba hata Bunge la Taifa halikuwa na uwezo wa kuziruhusu tume kama hizo. Hoja pana ilipita kwa kura tano kwa nne. Na yalikuwapo matokeo ambayo wanaomsifu hawayataji sana: mahakama za kijeshi zilikuwa moja ya kinga chache za Waafrika-Wamarekani waliotoka utumwani katika majimbo ya Kusini, na wapinzani wa mabadiliko kule waliipokea hukumu hiyo kwa furaha. Hukumu njema kwa raia wa Indiana ilikuwa na bei kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo uhuru huo wa Davis ulitoka wapi? Jibu langu ni kwamba kuta za jumba lenyewe zinajibu, mradi mtu awe amebeba hesabu kichwani. Ujenzi ulipoanza mwaka 1870, mshahara wa jaji wa kawaida wa Mahakama ya Juu ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Mshahara huo haujengi vyumba 36 na kuvitia gesi, maji ya moto na marumaru. Kilichojenga ni ardhi. Tangu ujana wake Davis alinunua ardhi ya Illinois ilipokuwa rahisi na kuishikilia. Reli ya Illinois Central ilipofika Bloomington mwaka 1853, thamani ilipanda, na mashamba yake mengine yalikuwa karibu na Chicago, ambako mji wenyewe ulimfuata. Alikuwa tajiri kabla hajawa mkubwa. Jaji asiyehitaji kiti ili ale anaweza kumkasirisha aliyempa kiti, na anaweza pia kukiacha. Humo ndani nilijikuta nikizitazama meko zile kama stakabadhi zaidi kuliko mapambo.

Uangalifu wake wa fedha ulionekana pia katika mirathi ya Lincoln. Lincoln alikufa bila wosia, na mwanawe Robert akamwita Davis kwa simu ya maandishi siku ile ile ya msiba. Jaji aliisimamia mirathi kwa zaidi ya miaka miwili, akaikuza hadi ikapita dola 110,000, akaigawa mafungu matatu sawa kati ya mjane Mary na wana wawili, Robert na Tad, wala hakutoza ujira ambao sheria ilimruhusu. Mtu yule yule aliyemkemea Lincoln kwa kutoza kidogo hakumtoza chochote.

Upande wa siasa za baadaye ni wa kushangaza zaidi kuliko wa kupendeza, na nitaupitia haraka. Mwaka 1872, akiwa bado kitini, alikubali jina lake litajwe kwa urais na chama kidogo cha wafanyakazi, huku akiwa na jicho kwa uteuzi mwingine ambao ulimwendea Horace Greeley. Mwaka 1877, uchaguzi wa urais kati ya Rutherford Hayes na Samuel Tilden ulipokwama, iliundwa tume ya watu 15 ya kuuamua, na wengi walidhani Davis, asiye na chama, ndiye angekuwa sauti ya kuamua. Kabla hajaketi, bunge la Illinois likamchagua kuwa seneta. Akakataa tume na kuacha ujaji. Nafasi yake katika tume akaichukua jaji mwenzake Joseph Bradley, na Hayes akapita kwa kura nane kwa saba. Watu bado wanabishana kama Davis alikimbia mzigo au aliuepuka kwa busara. Mimi naegemea upande wa kwanza. James Garfield, ambaye alikuwa mmoja wa mawakili wa Milligan, alikuja kuwa rais, akauawa mwaka 1881, na kwa kuwa makamu wake Chester Arthur alipanda, Seneti ilimchagua Davis kuwa rais wake wa muda. Hadi Machi 1883 alikuwa wa kwanza katika mstari wa kumrithi rais, bila kuwa na chama.

Sarah alikuwa amefariki mwaka 1879, hivyo aliishi katika jumba lake kwa miaka michache tu. Davis alioa tena mwaka 1883 na akafa Bloomington mwaka 1886.

Tukirudi kwenye ziara yenyewe: anayependa samani, mapishi ya kale, bustani, na maisha ya wanawake na watumishi wa karne ya 19 atapata mengi hapa kuliko alivyotarajia. Mwanafunzi wa sheria au wa siasa aende pia, ila asiende mikono mitupu. Aisome kwanza hukumu ya Milligan na ajue habari za mzunguko, kisha amuulize mwongozaji maswali kuhusu barua na ardhi, maana nyumba ya familia kwa asili yake hueleza mlo na malazi kabla ya kueleza mashauri. Watoto wadogo wanaotaka kugusa kila kitu wataona ziara ni ndefu. Siku na saa za kufungua zihakikishwe kabla ya kuondoka.

Kufika si taabu. Bloomington iko kati ya Chicago na Springfield, na treni za Amtrak zinazokwenda St. Louis husimama katika mji pacha wa Normal. Makaburi ya Evergreen, alikozikwa jaji, yako mjini humo humo. Mwenye gari na siku ya ziada aongeze mahakama za zamani za Metamora na Mount Pulaski, ambazo bado zimesimama mahali zilipojengwa katika miaka ya 1840. Ni majengo madogo, hayana marumaru wala lesi, na mtu akiketi humo atapata ile sehemu ya maisha ya Davis ambayo vyumba 36 vya Bloomington haviwezi kumpa. Kama nafasi inaruhusu, ningeshauri mahakama hizo zitangulie na jumba lifuate.